Gari Linatetemeka Lini?

Ndugu msomaji, huenda wewe huna gari. Hata mimi sina. Lakini katika vijiji vyetu vya Kisarawe na Kibaha, gari la mtu mmoja ni gari la watu wengi. Linabeba mihogo yako. Linabeba mananasi na korosho zako. Linabeba mgonjwa wako usiku. Kwa hiyo gari hilo likiwa bovu, ubovu huo ni wako pia.

Mimi ni afisa wa elimu ya watu wazima. Elimu yangu ni ya cheti, na cheti chenyewe si cha ufundi wa magari. Haya nitakayokueleza nimeyapata kwa kupanda magari mengi mabovu nikienda darasa moja hadi jingine, na kwa kuwauliza mafundi. Fundi mwema akiulizwa kwa adabu hueleza. Asiyetaka kuulizwa, mwangalie vizuri.

Kuna kikundi cha wakulima upande wa Mzenga, katika wilaya ya Kisarawe. Wanakikundi ni 22, na wengi wao ni wanakisomo wangu. Walichanga fedha kwa miaka mitatu wakanunua pikapu iliyokwisha kutumika. Pikapu hiyo hupeleka mihogo Mlandizi, na mara nyingine hufika Kibaha. Safari yao ilianza kwa njia ya udongo. Wakifika Mlandizi waliingia barabara kuu ya Morogoro, ambayo ni ya lami.

Masika yalipokolea, gari lilianza kutetemeka. Kwenye njia ya udongo hakuna aliyeshangaa, maana huko kila gari huruka. Lakini lilitetemeka kwenye lami, mahali palipo laini. Dereva akasema, "Gari lina homa." Akalipeleka gereji. Fundi wa gereji hiyo hakuuliza swali hata moja. Alilitazama gari akasema, "Shokapu zimekufa." Kikundi kililipa shilingi 280,000, shokapu mpya zikafungwa. Siku ya pili gari likatetemeka vilevile.

Fundi akasema, "Sasa tubadilishe bushi, halafu tutaona."

Hapo maneno yakaanza. Wengine walitaka gari liuzwe kabla halijawamaliza. Wengine walisema dereva anakula fedha pamoja na fundi. Dereva huyo ni kijana wa hapo hapo kijijini, na baba yake ni mwanakikundi. Mzee akaacha kuja mikutanoni. Akaacha pia kuja darasani, na alikuwa amebakiza kidogo tu kujua kugawanya.

Siku ya mkutano nilikuwapo, kwa sababu mkutano ulifanyika baada ya darasa, chini ya mkorosho ule ule. Niliwauliza, "Gari linatetemeka lini?"

Watu walicheka. Mmoja akajibu, "Mwalimu, linatetemeka likitembea."

Nikawauliza tena. Likienda polepole, au likienda mbio? Likipigwa breki? Likipanda mlima? Likiwa limesimama? Unausikia mtetemo mikononi, kwenye usukani, au unausikia kwenye kiti? Hakuna aliyejibu. Dereva alijua kidogo, lakini alikwisha kukasirika.

Ndugu msomaji, ukienda zahanati kwa homa, mganga hakupi dawa kabla ya kuuliza. Atauliza ilianza lini. Atauliza kama inakuja na kuondoka, na kama unatapika. Gari ni hivyo hivyo. Mtetemo ni ishara tu, na sababu zake ni nyingi. Jambo linalotenganisha sababu moja na nyingine ni wakati unapotokea na mahali unaposikika. Ukiyajua hayo mawili, fundi ana pa kuanzia. Usipoyajua, fundi atakisia, na makisio yake utayalipia wewe.

Mweka hazina wa kikundi ni mama wa makamo. Alianza darasa akiwa hajui kuandika jina lake. Yeye hukaa mbele pamoja na dereva kwa sababu ndiye mwenye fedha ya mafuta. Tulikubaliana achukue daftari. Dereva atazame barabara, mama atazame mshale wa mwendo na kuandika. Kazi hizo mbili zisifanywe na mtu mmoja. Dereva anayeandika huku gari linakwenda anatafuta ajali.

Aliandika hivi, na herufi zake ni kubwa kama mayai:

"Jumatatu. Nyumbani mpaka Mlandizi. Udongo. Linaruka tu.
Mlandizi mpaka Kibaha. Lami. Mshale 40, hapana. Mshale 60, kidogo. Mshale 80, usukani unatetemeka sana. Dereva amepunguza. Limetulia.
Breki: hapana.
Limesimama, injini inafanya kazi: kidogo kwenye kiti."

Mistari hiyo michache ilikuwa na thamani kuliko zile shokapu. Hebu tuisome pamoja.

Mtetemo ulikuja na mwendo, na ulikwisha mwendo ulipopungua. Haukuja kwa breki. Ulisikika kwenye usukani. Mtetemo wa namna hiyo mara nyingi hutoka kwenye magurudumu ya mbele, kwa sababu usukani umeungana na magurudumu hayo. Ungesikika zaidi kwenye kiti na sakafuni, tungeangalia magurudumu ya nyuma, au propela, yaani chuma kirefu kinachopeleka nguvu ya injini nyuma. Shokapu iliyokufa hulifanya gari liendelee kuruka-ruka baada ya shimo. Si kawaida yake kutetemesha usukani kwenye lami laini kila mshale unapofika 80.

Kesho yake dereva aliinama akachungulia ndani ya gurudumu la mbele la kulia, upande usioonekana mtu akisimama. Mle ndani ya rimu mlikuwa na tope lililokauka. Lilikuwa upande mmoja tu, limeshika kama saruji. Gari lilikuwa limepita matope, kisha likalala. Tope likateremka chini ya rimu, likakauka pale.

Utauliza, tope kidogo linawezaje kutikisa gari zima? Chukua kombeo. Tia jiwe dogo, uzungushe polepole. Mkono hausikii kitu. Zungusha kwa nguvu. Jiwe ni lile lile, lakini sasa linauvuta mkono wako. Gurudumu nalo ni kombeo. Tairi la pikapu lenye kimo cha sentimeta 65 hivi, gari likienda kilometa 80 kwa saa, huzunguka karibu mara 11 kila sekunde moja. Tope la gramu 100 likiwa limeganda upande mmoja wa rimu, kwa mwendo huo huvuta kama mzigo wa kilo 8. Mzigo huo unavuta juu, mbele, chini, nyuma, mara 11 kwa sekunde. Kwa mwendo wa 40, tope lile lile huvuta kama kilo 2 tu. Mwendo ukizidi mara mbili, nguvu ya kuvuta huzidi mara nne. Ndiyo maana mama aliandika "hapana" kwenye 40 na "sana" kwenye 80.

Walichukua kijiti na ndoo ya maji. Walisafisha magurudumu yote manne. Siku ya safari mama akaandika: "Mshale 80, kidogo sana." Gharama yake ilikuwa ndoo ya maji. Zile shilingi 280,000 hazikurudi, lakini maneno juu ya dereva yalipungua.

Hicho kidogo kilichobaki kilimalizwa Kibaha, kwa fundi wa matairi mwenye mashine ya kupima uzani wa gurudumu. Mashine huzungusha gurudumu na kuonyesha upande ulio mwepesi. Fundi hubandika hapo kipande kidogo cha risasi au chuma. (Risasi hiyo si ya bunduki, ni madini mazito.) Ukiona kipande kama hicho kwenye rimu usikibandue ukidhani ni uchafu. Watoto hupenda kuvibandua wakavifanye vizito vya nyavu.

Kibaha si wageni wa mambo ya magari. Huko ndiko liliko Shirika la Nyumbu, lililoanzishwa mwaka 1985 chini ya Wizara ya Ulinzi, ambalo limewahi kutengeneza malori yenye jina hilo hilo. Na kama una kijana anayependa ufundi, kumbuka kwamba Kibaha na Kisarawe zote zina vyuo vya maendeleo ya wananchi. Vyuo vya namna hiyo vilianza nchini mwaka 1975. Nenda kaulize mafunzo yanayotolewa.

Sasa nikutajie mitetemo mingine, maana gari lako huenda halina tope.

Ukikanyaga breki na usukani ukatetemeka, au ukasikia breki inaupiga mguu wako kwa vipigo vidogo, angalia diski za breki za mbele. Huenda zimepinda au zimelika vibaya. Ikiwa mtetemo wa breki unatoka nyuma, tazama ngoma za breki za nyuma. Usikubali kubadilishiwa matairi kwa ugonjwa huo.

Likitetemeka unapokanyaga mafuta kupanda mlima, na likatulia mara unapoinua mguu, tatizo liko kwenye njia ya nguvu. Kwa pikapu, tazama viungio vya propela. Viungio hivyo vikilegea, husikia pia mlio wa "ko" gari linapoanza kuondoka. Propela ikikatika gari likiwa mbioni inaweza kuchimba barabara. Mlima wa Pugu kuelekea Kisarawe ni mahali pazuri pa kuusikia ugonjwa huu, na mahali pabaya pa kuupuuza.

Likitetemeka hata likiwa limesimama, hayo si matairi. Tairi lisilozunguka haliwezi kutikisa kitu. Tazama injini. Jaribu hivi: simamisha gari mahali tambarare, vuta breki ya mkono, weka gia huru, kisha dereva akanyage mafuta polepole. Kama mtetemo unabadilika na mlio wa injini wakati gari halitembei, basi ni wa injini au wa mipira inayoishikilia. Usifanye majaribio ya kuzima injini gari likiwa linateremka. Breki huwa nzito, na usukani unaweza kujifunga.

Ukitaka kujua kama kuna kitu kilicholegea kwenye gurudumu la mbele, gari huinuliwa kwa jeki, na magurudumu mengine yawekewe mawe yasibiringike. Shika tairi juu na chini, ulisukume na kulivuta. Likicheza, mwambie fundi atazame beringi na boljointi. Shika kushoto na kulia, ufanye vivyo hivyo. Likicheza hapo, atazame vyuma vya usukani. Usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Jeki huteleza, na gari halijui kwamba wewe una watoto.

Hebu sasa tusome tairi. Ndiyo, tairi husomwa. Siku moja nililifanya kuwa somo la darasa. Tuliizunguka pikapu ile, kila watu watano na tairi lao. Tafuta ubavuni herufi D, O, T. Fuata mstari huo mpaka mwisho wake. Mwishoni kuna tarakimu nne. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ukiona 2319, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Usipoziona upande mmoja, tazama upande wa pili.

Baba yake dereva alikuja siku hiyo. Alisimama nyuma ya wenzake, kisha akasogea, akachuchumaa kwenye tairi la mbele la kushoto. Akasoma kwa sauti, "Sifuri, nane, moja, moja." Akatulia. Kisha akasema, "Wiki ya 8, mwaka 2011. Tairi hili ni kubwa kuliko mjukuu wangu anayesoma darasa la tano!" Watengenezaji wengi wa matairi hushauri tairi lisitumike baada ya miaka 10, hata kama halijawa kipara. Mpira hukauka na kupasuka ndani. Tairi namna hiyo linaweza kutoka nundu, na nundu hutikisa gari hata kwa mwendo mdogo. Pitisha kiganja juu ya tairi lililosimama. Ukikuta nundu, usiseme utalimalizia msimu. Nundu ni tairi linalojiandaa kupasuka.

Tairi lile lilitolewa. Mzee ndiye aliyesema litolewe, na hakuna aliyembishia.

Sasa nakuja kwenye mtetemo ninaouogopa kuliko yote. Nati za gurudumu zikilegea, gari hutetemeka au kugonga hata likienda polepole. Mtetemo huo huanza ghafla na huzidi kila kilometa. Si wa kuandikwa na kungoja. Ni wa kusimama.

Ilitokea Alhamisi moja ya mwezi wa Mei. Pikapu ilikuwa inampeleka mama mmoja na mtoto wake mwenye homa kali hospitali ya Tumbi, Kibaha. Siku mbili kabla, tairi la nyuma la kushoto lilipata pancha njiani, likazibwa na kurudishwa kwenye mvua. Mwaka huo daftari lilikuwa bado linatembea na gari. Baada ya Mlandizi, karibu na Visiga, mweka hazina aliandika: "Mshale 30. Nyuma kushoto. Kunagonga. Jana hakukuwa."

Akafunga daftari. "Mwanangu, simama."

Dereva akajibu, "Mama, tuna mgonjwa. Tumbi si mbali."

"Ndiyo maana nasema simama. Tuna mgonjwa."

Akasimama. Nati za gurudumu lile zilikuwa 6. Tatu zilikuwa zimelegea, na mbili kati ya hizo zilizunguka kwa vidole. Mama na mtoto walipandishwa daladala iliyokuwa ikipita kwenda Kibaha, na mweka hazina akawalipia nauli kutoka fedha ya mafuta. Mtoto alikuwa na malaria. Alilazwa siku mbili akarudi nyumbani. Nimemwona baadaye akicheza karibu na darasa letu.

Dereva alikuwa amekwisha kushika spana ili azikaze nati zile waendelee. Lakini kwanza alilitoa gurudumu alitazame. Alifanya vema. Matundu mawili ya rimu yalikuwa yamelika, si ya duara tena bali kama yai. Tundu la namna hiyo haliwezi kushika nati tena, hata ukikaza kwa nguvu za watu wawili. Alifunga tairi la akiba, akaenda polepole.

Kwa nini nati zililegea? Tope tena. Siku ya pancha, rimu ilirudishwa ikiwa na tope upande unaogusa chuma cha gari. Nati zilikazwa juu ya tope. Gari lilipotembea, tope likasagika na kutoka, pakabaki nafasi, na nati zikawa hazina kitu cha kukaza. Kwa hiyo gurudumu likitolewa, pangusa kwanza pande zote mbili zinazogusana, chuma kikutane na chuma. Anza nati zote kwa mkono. Kisha kaza kwa kukingamisha: ukikaza ya juu, fuata ya chini iliyo mkabala nayo, usizunguke kama unayefuata saa. Gari likishuka kutoka kwenye jeki, kaza mara ya mwisho. Baada ya kilometa 50 hadi 100, simama ukazijaribu tena kwa spana. Mafundi wengi wa pancha hawakuambii jambo hili la mwisho, kwa sababu wakati huo wewe umekwisha kuondoka.

Unayepanda gari la watu, usione haya kusema. Huhitaji leseni kumwambia dereva, "Kijana wangu, kuna kitu kinagonga nyuma kushoto, na kilianza pale darajani." Ukisema "gari lako bovu," atanuna. Ukimwambia lini na wapi, atasikiliza, maana umempa kazi nusu.

Gari la Mzenga halikuuzwa. Daftari la kwanza limejaa, sasa wanatumia la pili. Rimu ile iliyotoboka kama yai wameinunulia nyingine. Wamefanya hesabu pia ya matairi, kila moja limeandikiwa tarehe ya kutengenezwa kwake, na mzee ndiye mtunza orodha.

Bado kuna ule mstari wa siku ya kwanza: "Limesimama, injini inafanya kazi: kidogo kwenye kiti." Huo haujaondoka. Fundi wa Kibaha aliusoma, akafungua boneti, akawaonyesha mpira mmoja wa kushikilia injini uliokwisha kupasuka. Kikundi kinangoja mauzo ya korosho ili kiununue.